Fani Ilishinda, Maudhui Je? Mjadala Kuhusu It Takes Two

MWANAFASIHI: Tuanze na jambo ambalo hata walioipenda gemu hii hawalipingi. It Takes Two ilipotoka tarehe 26 Machi 2021, wahakiki waliimiminia sifa. Wastani wa alama zake kwenye tovuti ya Metacritic ulikaribia 90 kwa 100, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya Gemu Bora ya Mwaka katika The Game Awards, ikiziacha nyuma Deathloop, Metroid Dread, Psychonauts 2, Ratchet & Clank: Rift Apart na Resident Evil Village. Lakini tusome tahakiki zenyewe, tusiishie kwenye alama. Nyingi zinasifu ubunifu wa mchezo, kisha zinafika kwenye hadithi na kuanza kusita: mume na mke wanagombana kwa maneno yaleyale, kitabu kinachowasuluhisha kinakera, na mwisho wa kisa unajulikana tangu mwanzo. Waamuzi wenyewe walionekana kulikubali hilo. Usiku uleule gemu hii iliwania pia tuzo ya Simulizi Bora, na tuzo hiyo ikaenda kwa Marvel's Guardians of the Galaxy. Kwa hiyo nauliza swali la mtu aliyezoea kupima kazi ya sanaa kwa fani na maudhui yake kwa pamoja. Kazi inayojitambulisha kuwa ni hadithi ya ndoa inayovunjika, ikiwa imeshindwa kuisimulia ndoa hiyo, imestahilije kuitwa bora kuliko zote? Tusingempa mwandishi wa riwaya taji kwa sababu sentensi zake ni tamu huku wahusika wake wakiwa wamekufa ukurasani.

MHAKIKI WA GEMU: Umeipima kwa mizani ya riwaya, ndiyo maana imepungua uzito. Tukumbuke kwanza gemu hii inavyofanya kazi. Cody na May wanamwambia binti yao Rose kwamba wameamua kuachana. Mtoto anaingia bandani na wanasesere wawili aliowatengeneza kwa sura ya baba na mama, anawalilia, na machozi yake yanawafanya wazazi wajikute ndani ya miili ya wanasesere hao. Kuanzia hapo hakuna namna ya kucheza peke yako. Studio ya Hazelight ya Stockholm haikuweka mchezaji bandia wa kumsaidia aliye mpweke, wala haikuweka njia ya kukuunganisha na mtu usiyemjua. Lazima uwe na mwenzako, pembeni yako au kwa intaneti, na skrini imegawanywa ili kila mmoja aone anachokifanya mwenzake. Sasa tazama kazi wanayopewa. Bandani, Cody anarusha misumari, May anabeba kichwa cha nyundo. Msumari usipokaa ukutani, May hana pa kuning'inia, na May asipovuka, Cody naye hafiki popote. Ndani ya mti, Cody anamwaga utomvu na May anauwasha kwa viberiti. Utomvu bila moto haulipuki, na moto bila utomvu hauna cha kulipua. Hiyo ndiyo hadithi. Haisemwi, inatendwa, na wanaoitenda ni watu wawili halisi wanaolazimika kusubiriana, kuelekezana, kukosea na kurudia. Ukiyasikiliza mazungumzo ya Cody na May ukaona yamekwisha ladha, sikiliza yale yanayoendelea kwenye makochi kati ya wenye pedi za kuchezea. Huko ndiko gemu ilikoandikiwa.

MWANAFASIHI: Hoja hiyo inavutia, lakini inamwondolea mtunzi lawama kwa urahisi mno. Ikiwa hadithi ipo mikononi tu, kwa nini gemu inasimama kila mara na kututaka tuweke pedi chini tutazame filamu? Josef Fares, aliyeiongoza, si mgeni wa masimulizi. Alizaliwa Beirut mwaka 1977, akafika Sweden akiwa mtoto wa miaka kumi familia yake ilipokimbia vita vya Lebanon, akawa mwongozaji wa filamu kabla ya kugusa gemu: Jalla! Jalla! mwaka 2000, Kopps mwaka 2003, na Zozo mwaka 2005, inayomfuata mvulana wa Kilebanoni aliyetupwa ugenini na vita hivyohivyo. Mtu wa namna hii anajua tofauti ya mazungumzo yaliyo hai na yaliyokufa. Na kama unataka ushahidi kwamba mikono inaweza kusimulia, hatuna haja ya kwenda mbali, maana yeye mwenyewe alishafanya hivyo mwaka 2013 katika Brothers: A Tale of Two Sons. Mle mchezaji mmoja anaongoza ndugu wawili, kila ndugu na upande wake wa pedi. Mdogo anaogopa maji, na kila penye mto anabebwa mgongoni mwa kaka yake. Kaka anakufa. Baadaye mdogo anafika kwenye maji peke yake, na mchezaji anagundua kwamba njia pekee ya kuvuka ni kubonyeza kitufe cha kaka aliyekwisha kuzikwa. Hakuna neno linalosemwa. Kidole chako ndicho kinachokumbuka. Huo ndio muungano wa fani na maudhui ninaoudai, na mtunzi yuleyule alishauonyesha miaka minane kabla. Katika It Takes Two, nioneshe kitufe kimoja chenye uzito huo. Kila sura inagawa vifaa vipya na kuvitupa sura inapokwisha: misumari inasahauliwa, utomvu unasahauliwa. Hakuna kinachokaa mkononi muda wa kutosha kikageuka kumbukumbu.

MHAKIKI WA GEMU: Brothers ni kazi ya saa tatu hivi, yenye sitiari moja, na inaibeba vizuri kwa sababu njia ni fupi. It Takes Two inapita saa kumi na mbili, na inasimulia jambo jingine kabisa. Kifo hutokea mara moja. Ndoa iliyochakaa huchakaa katika mambo mengi madogo, na gemu hii imeyachukua mambo hayo moja moja. Nenda kwenye sura ya saa ya ukutani. Cody anapewa uwezo wa kurudisha muda nyuma, May anapewa uwezo wa kujizalisha nakala na kuruka kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Kumbuka maisha yao: May ndiye anayefanya kazi nje hadi hana nafasi ya nyumbani, Cody ndiye anayebaki na mtoto. Mwanamke anayetakiwa awe mahali pawili kwa wakati mmoja anapewa uwezo huohuo, na mwanamume anayetamani mambo yarudi yalivyokuwa anapewa huo wa kwake. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza hayo. Ndani ya tufe la kioo lenye theluji kila mmoja anashika nusu ya sumaku, na wachezaji wanajifunza kwa vidole kwamba ncha ileile inayovutana na moja husukumana na nyingine, inategemea tu imekutana na ipi. Bustanini ni shauku ya Cody iliyoachwa ikaoza. Darini ni sauti ya May, mwimbaji aliyeacha kuimba. Unasema vifaa vinatupwa. Mimi nasema kila chumba cha nyumba hiyo kina ugonjwa wake, na haungetibiwa kwa dawa moja.

MWANAFASIHI: Umefasiri vizuri, na ninakiri sura ya saa inakubali tafsiri yako. Lakini angalia ni nani anayefanya kazi hapo. Wewe ndiye uliyeunganisha nakala za May na uchovu wa mama mwenye ajira. Gemu inakimbilia fumbo linalofuata kabla mawazo hayo hayajatua. Na pale inapotaka kuhakikisha kwamba tumeelewa, inamleta Dr. Hakim, kitabu cha mapenzi chenye mikono na miguu, kinachokata viuno na kuzungumza kwa lafudhi iliyokolezwa, kuja kutangaza somo la sura: leo ushirikiano, leo muda, leo mvuto. Ndiyo kasoro ile iliyolaumiwa katika ngonjera nyingi za jukwaani, ambamo wabishani wawili wanapandishwa kujibizana huku hadhira ikijua tangu ubeti wa kwanza kwamba watakubaliana, na ubishi wenyewe unakuwa ni njia ya kufikisha ujumbe uliokwisha kuamuliwa. Mtunzi anayeiamini mikono ya wachezaji hamhitaji mhubiri katika kila sura.

MSHAURI WA NDOA: Naomba nichukue nafasi hapo, kwa sababu mnamjadili Dr. Hakim kana kwamba kosa lake ni lafudhi na viuno. Kosa lake ni kazi anayoifanya. Watu wazima wawili wamekaa, wamefikiri, wameamua kuachana, na wamemweleza mtoto wao kwa utulivu. Hakuna kipigo katika nyumba ile, hakuna ulevi, hakuna aliyemkimbia mwenzake. Kisha anatokea msuluhishi ambaye hakuitwa nao, anawakuta wamefungwa ndani ya miili isiyo yao, na hawatoki mpaka wapendane. Kila wanapomwambia hawataki, anacheka na kuwafungulia mlango wa chumba kingine. Msuluhishi anayeijua kazi yake, awe wa dini, wa ukoo au wa ofisini, huanza kwa kuuliza kila upande unataka nini, tena akiwa tayari kusikia jibu asilolipenda. Gemu haiulizi. Inachukulia kwamba kuachana ni ugonjwa na kurudiana ndiko kupona, na inawapa watoto wanaotazama pembeni ahadi mbaya: kwamba machozi ya mtoto, yakiwa mengi ya kutosha, yanaweza kuwarudisha wazazi pamoja. Watoto wengi ambao wazazi wao wameachana tayari wanaubeba mzigo huo, wanaamini wangekuwa na tabia nzuri zaidi mambo yasingeharibika. Waliposema wahakiki kwamba hadithi ni dhaifu, walisema kidogo. Haikuwa dhaifu. Ilikuwa na nguvu, na nguvu hiyo ilielekezwa pabaya.

MHAKIKI WA GEMU: Nakubali kwamba Hakim analazimisha. Ila sikubali kwamba gemu inaahidi unachosema. Kumbuka mwisho. Wazazi wanapozinduka katika miili yao wanakuta Rose ameondoka nyumbani na kuacha barua, kwa kuwa anaamini ugomvi umesababishwa naye. Wanamkuta kituo cha basi, na maneno wanayomwambia ni yaleyale ambayo wewe ungewashauri wamwambie: si kosa lako, na tunakupenda. Gemu haitamki kwamba talaka imefutwa, wala haituoneshi arusi ya pili. Zaidi ya hapo, machozi ya Rose yanapotafutwa kwa makusudi hayafanyi kazi, na tendo la kuyatafuta ndilo baya kuliko yote yaliyomo katika gemu. Namzungumzia Cutie.

MSHAURI WA NDOA: Nilitaka tufike hapo. Wazazi wanajishawishi kwamba machozi yaliyowafunga ndiyo yatakayowafungua, kwa hiyo inabidi Rose alie tena. Wanaamua kumvunjia mwanasesere anayempenda kuliko wote, tembo wa kitambaa anayeitwa Cutie, malkia wa ngome ya michezo chumbani mwa mtoto. Cutie anawapokea kwa furaha. Akishajua wamekuja kufanya nini, anakimbia, anaomba, anauliza kwa nini. Wanamkamata, wanamburuta, mguu unanasa na kung'oka, sikio linachanika, na mwishowe wanamsukuma ukingoni. Wachezaji wote wawili lazima wabonyeze. Mmoja akikataa, Cutie habururiki na gemu haiendelei. Katika kazi yangu huwaona wazazi wasiopigana ngumi wala kutukanana, lakini wanaharibu kile mtoto anachokitegemea ili wao wapate njia ya kutokea: shule inabadilishwa ghafla, bibi anakatazwa asitembelewe, kila upande una maelezo yake mazuri. Ni nadra kuona hilo likioneshwa waziwazi namna hii, tena kwa kumlazimisha anayetazama ashiriki. Lakini dakika chache baadaye wachezaji wako mbioni kwenye kioja kingine, na May na Cody hawaulizwi tena. Mtoto hakupata kuambiwa ni nani aliyemuua Cutie. Ikiwa gemu iliweza kuona ubaya huo kwa uwazi kiasi kile, mbona ikageuza uso?

MHAKIKI WA GEMU: Sidhani kama iligeuza uso. Gumzo lililozuka baada ya gemu kutoka linaonesha kwamba wachezaji hawakugeuza wao. Kati ya saa zote hizo za vichekesho, nyigu, kindi wenye silaha na mashine za kufyonza vumbi, tukio linalotajwa mara kwa mara na watu wa kila namna ni hilo moja. Wapo walioliona ni ukatili usio na maana, wapo waliocheka kwa mshtuko, wapo walioomba radhi kwa skrini. Hayo yametokea kwa sababu hawakutazama mtu mwingine akimburuta yule tembo. Walimburuta wao, na walilazimika kukubaliana kwa sauti kumburuta. Mwanafasihi alitaka kitufe kimoja chenye uzito wa kile cha mtoni katika Brothers. Ndicho hicho. Na kina kitu ambacho kile hakikuwa nacho, kwa sababu hapa kuna shahidi aliyeketi ubavuni mwako na aliyefanya vilevile. Filamu haiwezi kukugawia hatia hiyo wewe na mwenzako nusu kwa nusu. Riwaya haiwezi. Tukio hilo ni hadithi ya ndoa ile kwa ukamilifu, watu wawili ambao kwa mara ya kwanza wameshirikiana bila kugombana, na walichoshirikiana ni kumuumiza mtoto wao.

MWANAFASIHI: Hiyo sentensi yako ya mwisho ni bora kuliko chochote kilichomo katika mswada wa gemu, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Iwapo Fares aliuona ukweli huo, tungeukuta ukifanya kazi katika sura zinazofuata: May angemkumbuka Cutie akiwa bustanini, Cody angeshindwa kumtazama mwanasesere mwingine. Hatukuti kitu. Sanaa inayosimulia haihukumiwi kwa tukio moja linalobaki akilini; huhukumiwa kwa jinsi tukio hilo linavyobadilisha yanayofuata. Lakini tuliache, kwa sababu umegusa jambo ambalo wahakiki hawakulifafanua vya kutosha, nalo ni huyo mtu wa ubavuni. Mhakiki wa riwaya husoma peke yake. Mhakiki wa gemu hii hakuwa na ruhusa hiyo. Alicheza na mumewe, na dada yake, na rafiki, na mhariri mwenzake, kisha akatoa alama. Alama hizo ni za nini? Furaha ya jioni tatu kochini na mtu unayempenda ni kitu kikubwa, hasa Machi 2021, wakati mamilioni walikuwa bado wamefungiwa ndani na korona na wamekosa watu. Mtu angeweza kuipata furaha hiyo kwa karata. Naogopa kwamba sehemu ya karibu 90 kwa 100 ilikuwa ni alama za mwenza, na gemu ikazichukua kwa jina lake.

MHAKIKI WA GEMU: Kama ingekuwa ni korona, joto lingeshuka milango ilipofunguliwa. Halikushuka. Nakala milioni 10 zilikuwa zimeuzwa kufikia Februari 2023, na milioni 20 kufikia mwaka 2024, ingawa kila ununuzi mmoja unatosha watu wawili, kwa kuwa mwenye nakala anaruhusiwa kumwalika rafiki wa mbali aicheze bila kulipa. Najua utaniambia mauzo si uhakiki, na ni kweli. Siyataji kama ushahidi wa ubora, nayataja kuondoa hoja ya majira. Kuhusu karata, tofauti ni hii: karata haikuambii umwangalie mwenzako. Inakuangalisha mkono wako. Hazelight waligawa skrini hata pale wachezaji wawili wanapokuwa katika nyumba mbili tofauti, kila mmoja na televisheni yake, ambapo wangeweza kabisa kumpa kila mtu skrini nzima. Walitaka umwone mwenzako anapoanguka. Huo ni uamuzi wa mtunzi, tena unagharimu nusu ya picha. Ukisema furaha ile ni ya mwenza, sawa, lakini nani aliyempanga mwenza akae pale, umtazame, umtegemee, umsubiri saa kumi na mbili? Mwongozaji wa tamthilia husifiwa kwa kuwapanga waigizaji jukwaani. Huyu aliwapanga watazamaji.

MWANAFASIHI: Basi acha niulete ushahidi ambao sioni utaukwepaje. Tarehe 6 Machi 2025 Hazelight walitoa Split Fiction. Hakuna ndoa humo. Kuna Mio na Zoe, waandishi wawili wasiojuana, mmoja wa hadithi za sayansi, mwingine wa visa vya majini na mazimwi, wanaonaswa katika mashine ya kampuni inayotaka kuiba ubunifu wa waandishi. Skrini imegawanywa vilevile. Vifaa vinabadilika kila sura vilevile. Mmoja anafungua, mwingine anapita, wanaanguka, wanarudia. Nayo alama zake zikapanda kupita hata za It Takes Two, nakala milioni moja zikauzwa ndani ya saa 48, na malalamiko yakawa yaleyale neno kwa neno: mchezo ni wa ajabu, hadithi ni ya kawaida, wahusika wanatabirika. Sasa ikiwa maana ya It Takes Two ilikuwa mikononi, kama ulivyosisitiza tangu mwanzo, na mikono hiyohiyo inafanya mambo hayohayo katika kisa kisicho na ndoa, basi mikono ile haikuwa ikisimulia ndoa. Ilikuwa ikisimulia kushirikiana, jambo jema, jambo pana, jambo linaloweza kuvishwa nguo yoyote. Mwaka 2021 lilivishwa talaka. Ndugu wawili wa miaka kumi na sita wanaimaliza gemu hiyo kwa raha ileile kama mume na mke, na hawapungukiwi na chochote. Kwa hiyo maudhui yaliyotangazwa hayakuhitajika, na fani ingeishi bila hayo.

MSHAURI WA NDOA: Na kwangu hilo ni zito kuliko linavyosikika. Talaka ya watu haifai kuwa pambo la kuchangamshia mchezo.

MHAKIKI WA GEMU: Ni hoja nzito kuliko zote mlizotoa, na nitaijibu kwa vitu, si kwa maneno ya jumla. Angalia mahali. Split Fiction inazurura katika dunia za kubuni, miji ya siku zijazo na misitu ya kale. It Takes Two haitoki nyumbani. Banda la vifaa, mti wa uani, chumba cha mtoto, saa ya ukutani, tufe la kioo la kumbukumbu ya safari ya zamani, bustani, dari. Adui wa kwanza mkubwa ni mashine ya kufyonza vumbi iliyoharibika, ambayo wenye nyumba waliitupa bandani badala ya kuitengeneza, nayo inawakabili kwa hasira ya kitu kilichoahidiwa matengenezo. Anayefuata ni sanduku la vifaa, nalo lina malalamiko yake ya kutelekezwa. Huhitaji mazungumzo mazuri ili kuelewa nyumba ambayo kila kilichoharibika kimewekwa pembeni kisubiri siku ambayo haifiki. Ugomvi wa Cody na May umejificha katika samani. Mikono ya wachezaji inafanya ushirikiano, sawa, lakini inaufanya juu ya vitu vya nyumba hii, na kila kitu kina tarehe ambayo wawili hawa walikiacha. Hamisha mafumbo yaleyale uyapeleke kwenye roketi ya Mio na utakuwa na gemu nyingine. Wale vijana wa miaka kumi na sita huenda wasiione ndoa hapo. Wataona nyumba yenye vitu vilivyotelekezwa, na wanaijua, kwa sababu watoto ndio wanaoishi katika nyumba hizo bila kuulizwa. Na kuhusu uhakiki wenyewe: Split Fiction, pamoja na alama zake zote, haikuingia hata katika orodha ya sita zilizowania Gemu Bora ya mwaka 2025. Fani ileile, iliyosafishwa zaidi. Ikiwa mwaka 2021 waamuzi walizawadia ufundi peke yake, kwa nini ufundi mkubwa zaidi haukutosha miaka minne baadaye?

MWANAFASIHI: Kwa sababu mwaka 2025 washindani walikuwa wagumu, na kwa sababu jambo jipya likirudiwa linakuwa si jipya tena: asilimia 90 ya kura za The Game Awards ni za wanahabari wa gemu, na wanahabari huchoka na kilichozoeleka. Lakini sitaki tuishie kwenye kura. Hoja ya samani naikubali, na nimeipenda. Inaonesha kwamba ndoa ile iliwahi kuwapo. Haioneshi kwamba inaweza kwenda upande wowote, na hapo ndipo hadithi huanza. Mwaka 2018 mtunzi huyuhuyu alitoa A Way Out, wafungwa wawili, Leo na Vincent, wanaotoroka gerezani kwa kusaidiana hatua kwa hatua. Mwishoni siri inafichuka, na wachezaji wawili walioshikana mikono saa zote hizo wanapewa bunduki, kila mmoja amwelekee mwenzake. Gemu haichagui nani afe. Wenye pedi ndio wanaoamua, kwenye kochi lilelile. Wahakiki waliilaumu A Way Out kwa mambo mengi, uigizaji na uandishi wake vikiwemo, ila mwisho wake ulikuwa wa wachezaji. It Takes Two ina vijimchezo zaidi ya 20 ambamo Cody na May wanashindana kwa mzaha, kuvutana kamba, kurushiana theluji, na hakuna hata kimoja ambacho matokeo yake yanagusa ndoa. Wachezaji wawili wanaweza kusaidiana vibaya kwa saa kumi na mbili, kugombana kweli, kuachiana pedi kwa hasira, na May bado atapanda jukwaani kuimba na Cody bado atambusu. Kama mikono ndiyo inayosimulia, mwambie Fares ailegeze, iweze kusema hapana.

MSHAURI WA NDOA: Hapo mimi naungana naye. Nafasi ya kusema hapana ndiyo inayoipa ndiyo thamani, hata mezani kwangu.

MHAKIKI WA GEMU: Na mkishaiweka nafasi hiyo, itatumikaje? Wachezaji wengi watachagua mwisho mwema, wachache watachagua talaka kwa udadisi, kisha watarudia sura waone zote mbili, na uamuzi mzito kuliko yote katika maisha ya Rose utakuwa kitufe cha kujaribia. A Way Out iliweza kuwaachia wachezaji kwa sababu risasi hairudishwi na hakuna wa tatu anayesubiri. Hapa yuko wa tatu, na hana pedi. Mimi naona Fares alifunga mlango huo akijua anachokifanya: aliwapa wawili kila kitu cha kuamua isipokuwa kile ambacho mtoto naye angepaswa kuulizwa. Mnaweza kusema ni woga wa mtunzi. Lakini kabla hamjasema, rudini chumbani kwa Rose, kwenye ukingo ule, mnionyeshe ni lini wachezaji wawili walipewa uhuru wa kukataa na wakautumia.

MWANAFASIHI: Hawakupewa. Cutie hufa kila mara, kwa sababu gemu haiendi mbele mpaka afe. Ndicho ninachokilalamikia tangu tulipoanza, na sasa umekitaja kama utetezi.